Siku Mto Uliporudi Nyuma

Tunaandika kutoka Tunduma, huku mpakani ambako malori hupanga foleni usiku na mchana yakingoja kuvuka kwenda Zambia. Mwezi huu safu yetu haitazungumzia malaria wala uji wa mtoto. Tunataka kuzungumza juu ya kupanda mtumbwi.

Huenda utacheka na kuuliza, "Watu wa Tunduma na mitumbwi, wapi na wapi?" Ni kweli, mji wetu ni wa vumbi na malori. Lakini usisahau kwamba mkoa wetu, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, umeitwa kwa jina la mto. Tena iko mito miwili yenye jina hilo la Songwe. Mmoja huteremka upande wa kaskazini ukaingia Ziwa Rukwa. Mwingine hupita Ileje, ukiwa mpaka kati yetu na Malawi, ukaishia Ziwa Nyasa. Ndugu zetu wa kandokando ya maji hayo hupanda mtumbwi kama sisi tunavyopanda bajaji. Mama anapanda mtumbwi kwenda sokoni, na mgonjwa anapandishwa mtumbwi kwenda zahanati.

Haya tunayoandika yalitupata sisi wenyewe. Tumekaa nayo kwa muda mrefu, kwa kuwa ni habari ya aibu yetu. Lakini tumeona kwamba aibu ikifichwa haimfundishi mtu.

SAFARI YA PANGANI

Ilikuwa mwishoni mwa Agosti 2018. Binti wa mwenzetu mmoja katika umoja wa akina mama wa kanisa letu alikuwa ameolewa na mwalimu anayefanya kazi Pangani, mkoani Tanga. Tulikwenda akina mama tisa kumsindikiza. Kutoka Tunduma mpaka Dar es Salaam peke yake ni zaidi ya kilometa 900, na kutoka hapo bado kuna safari ya Tanga, kisha kushuka tena Pangani. Tulifika miguu imevimba, lakini tukapokewa vizuri mno. Watu wa pwani wanajua kumpokea mgeni.

Mji wa Pangani uko ukingoni mwa mto, pale mto unapoingia katika Bahari ya Hindi. Mto huo ni mkubwa. Maji yake yanatoka mbali, katika miteremko ya Kilimanjaro na Meru, yakapita bwawa la Nyumba ya Mungu, yakazungusha mitambo ya umeme ya Hale, hata yakafika pale. Ng'ambo ya pili kuna Bweni, na wakati huo watu na magari walikuwa wakivushwa kwa kivuko. Karibu na kivuko kulikuwa na mahali pa wazi, penye ngazi na mchanga, ambapo mitumbwi na mashua za watu wote hutia nanga. Wenyeji hupaita diko.

Siku ya tatu, wenyeji wetu walitulipia mtumbwi mkubwa wa makasia ili tupande mto, tuone mikoko na minazi. Mama wa bibi harusi alibaki nyumbani na wakwe. Tulikwenda wanane. Pamoja nasi alikuwapo mtoto mchanga wa miezi tisa, mgongoni mwa mama yake, na mvulana wa miaka saba, mjukuu wa mwenzetu. Ukiongeza vijana wawili wa kupiga kasia, tulikuwa watu kumi na wawili.

Pale dikoni aliketi bibi mmoja mzee, jirani wa wenyeji wetu, akisuka ukili. Tulimwamkia, akaitikia, kisha akauliza, "Mnarudi saa ngapi, wanangu?"

Tulimjibu kwamba tutarudi tutakapochoka kutazama.

Akasema, "Leo ni bamvua. Maji yatajaa mpaka saa kumi na nusu. Yakianza kutoka, nyinyi muwe mmekwisha shuka."

Tulimwitikia kwa adabu, tukasema, "Asante, bibi." Lakini baada ya hatua tatu mmoja wetu akanong'ona, "Maji ya mto yajae yaende wapi?" Tukacheka. Sisi tumelelewa milimani. Kwetu mto huteremka tu, asubuhi na jioni, tangu uumbwe.

TULILOLIONA NA TUKANYAMAZA

Sasa tunafika mahali penye aibu. Miongoni mwetu yuko muuguzi, mwenye stashahada, aliyefanya kazi wodini miaka mingi. Ndiye anayeshika kalamu hii. Kabla ya kupanda tuliwauliza wale vijana huwa wanachukua watu wangapi. Wakasema, "Wanane, mama zangu. Lakini leo maji ni mazuri." Tukatazama ndani tukaona majaketi ya kuokolea manne, yamefungwa pamoja kwa kamba katika omo ya mtumbwi, makavu na safi, kama nguo za Jumapili. Hakuna aliyeyafungua.

Tulijua hesabu haikutosha. Watu kumi na wawili, majaketi manne. Mtu hahitaji stashahada kuona hilo. Kwa nini tukanyamaza? Kwa sababu fedha ilikuwa imekwisha lipwa. Kwa sababu tulikuwa wageni, tukaogopa kuonekana wenye makuu. Kwa sababu wenzetu walikuwa wamekwisha keti na kuanza wimbo. Na zaidi ya yote, kwa sababu mmoja wetu alisema, "Tuombe, Mungu atatulinda." Tukaomba, tukasema amina, tukaondoka. Tusidanganyane: siku ile tulitumia maombi kama kitambaa cha kufunikia hesabu.

MTO UNAPANDA

Mwanzoni ilikuwa furaha tupu. Vijana hawakutumia nguvu. Maji yenyewe yalitubeba kutoka baharini kuelekea bara. Tulitazama majani yaliyoelea na vifuu vya nazi, vyote vinapanda pamoja nasi. Yule mvulana akapaza sauti, "Bibi, mto unarudi nyuma!" Hapo ndipo tulipoelewa kwamba yule mzee hakuwa akisema maneno ya uzee.

Vijana wakatueleza, na baadaye tulijifunza zaidi. Mwezi na jua huvuta maji ya bahari. Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa muda wa saa 24 na dakika 50 hivi. Ndiyo maana kila siku saa ya kujaa husogea mbele kwa dakika kama 50. Aliyevuka jana saa nane asidhani leo saa nane atakuta maji yale yale. Kutoka kujaa mpaka kupwa ni kama saa sita. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa ni bamvua, maana mwezi na jua huvuta kwa pamoja: maji hupanda sana na kushuka sana, na pwani ya Tanga tofauti hufika meta 3 na zaidi. Katikati ya nyakati hizo huwa ni maji mafu, yasiyo na nguvu nyingi. Mto unaomwaga maji katika bahari ya namna hiyo hauna budi kuitii. Bahari ikijaa, inausukuma mto urudi ndani, hata maji ya chumvi yakapanda mbali. Bahari ikipwa, mto hutoka kwa nguvu mbili: nguvu yake mwenyewe, na nguvu ya yale maji yaliyoingia.

Tulifika mahali pazuri penye mikoko pande zote mbili. Tukashuka, tukala wali tuliobeba, tukapiga picha, tukaimba. Vijana walituambia mara mbili, "Mama zangu, twendeni." Tukawajibu, "Bado kidogo, wanangu." Tulipopanda tena ilikuwa inakaribia saa kumi na mbili jioni. Maji yalikuwa yamekwisha anza kutoka saa moja na nusu iliyopita.

Mtumbwi ulikwenda mbio. Tulifurahi, tukidhani tunawahi. Lakini tulipokaribia mji tuliona vijana wameacha kuongea. Upepo ulikuwa ukitoka baharini, na maji yalikuwa yakienda baharini, navyo vilikutana pale pale karibu na mlango wa mto. Upepo na mkondo vikipingana, mawimbi husimama, huwa mafupi na yenye kuta. Mtumbwi uliojaa kupita kiasi hauwezi kuyapanda, huyapokea tu. Maji yakaanza kuingia. Tuliona diko, tuliona ngazi, tuliona hata khanga ya yule bibi. Vijana wakapiga kasia kwa nguvu zao zote, na bado tukapita. Tulikuwa tunapelekwa baharini huku tunatazama nchi kavu.

Mwenzetu mmoja akasimama kupunga mkono. Mtumbwi ukalala upande, maji yakaingia mpaka magotini. Tukamvuta akaketi. Tulitoa maji kwa sufuria ya wali. Tukajaribu kufungua yale majaketi, lakini fundo la kamba lilikuwa limekaza kwa maji, na vidole vilitetemeka. Jaketi moja likatoka, tukamvika mvulana, likampwaya. Kisha tukamtazama mtoto mchanga. Alikuwa amefungwa mgongoni kwa kitenge, fundo mbili, kama tunavyofunga sote. Mtumbwi ukipinduka, mama angeelea kifudifudi au chali, na mtoto asingeweza kutoka. Tulipofungua kile kitenge, mama yake alikuwa akituuliza neno moja tu: "Nimshike wapi? Nimshike wapi?" Na sisi wauguzi hatukuwa na jibu.

Mashua ya wavuvi yenye injini ilikuwa ikitoka kwenda kuvua usiku. Waliona, wakageuza, wakaturushia kamba, wakatuvuta polepole mpaka ukingoni. Hawakutaka hata shilingi. Mwezi mpevu ulikuwa umepanda juu ya bahari, mkubwa na mwekundu, na ndio ule ule uliokuwa umevuta maji.

Yule bibi alikuwa bado yuko pale, na khanga kavu mkononi. Alimfunika mtoto kwanza. Hakutukemea. Alisema tu, "Saa niliwaambia, wanangu. Nilidhani mmenisikia."

HABARI YA UKARA

Tulirudi Tunduma, tukasimulia harusi na pilau. Habari ya mtumbwi hatukuisimulia.

Hazikupita wiki nne. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka katika Ziwa Victoria, kikiwa karibu kabisa kufika kisiwa cha Ukara. Kilikuwa kimeruhusiwa kubeba abiria 101. Waliokufa peke yao walizidi 220. Walizama wakiiona nchi kavu, kama sisi tulivyoiona. Wengi wetu tunakumbuka pia MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996 karibu na Mwanza ikiwa imejaza kupita kiasi, na mamia ya watu wakapotea. Miaka 22 ilipita kati ya misiba hiyo miwili, na ugonjwa ulikuwa ule ule: hesabu haikufuatwa.

Tulisikiliza redio katika kikao chetu cha Alhamisi, na hakuna aliyesema neno. Kisha yule mama wa mtoto mchanga akaanza kulia. Siku ile ndipo tulipozungumza kwa mara ya kwanza, na kuombana msamaha.

Mzee wetu wa kanisa alitukumbusha Matendo ya Mitume, sura ya 27. Paulo, mtu wa maombi kuliko sisi sote, aliwaonya wenye merikebu kule Krete kwamba majira ya safari yamekwisha pita. Akida akamsikiliza nahodha na mwenye merikebu kuliko Paulo, wakaondoka, na merikebu ikavunjika. Na katikati ya habari ile ya dhoruba, mwandishi ameweka idadi ya watu waliokuwamo: 276. Wote walifika pwani salama. Tumekwisha isoma sura hiyo mara nyingi, lakini hatukuwahi kujiuliza kwa nini idadi iliwekwa pale. Mtu aliyehesabiwa ni mtu anayeweza kutafutwa akikosekana.

MAMBO TULIYOKUBALIANA

Akina mama wenzetu, haya ndiyo tuliyokubaliana, nasi tunakupa nawe uyakate na kuyabandika ukutani.

1. Uliza saa za maji. Kwenye mto unaoingia baharini, muulize mwenyeji maji yanajaa saa ngapi na yanatoka saa ngapi, kisha pangeni kurudi mapema. Kwenye ziwa hakuna kujaa na kupwa kwa namna hiyo, lakini kuna upepo. Ziwa Rukwa lina kina kifupi, na upepo ukivuma mawimbi huinuka upesi. Hivyo basi, uliza upepo huvuma saa ngapi. Kuuliza si ujinga.

2. Hesabu watu, hesabu majaketi. Watoto nao ni watu, hesabu kila mmoja. Kama majaketi ni machache, nendeni kwa zamu.

3. Vaa jaketi kabla ya kuondoka, ufunge kamba zake zote. Jaketi lililofungwa katika omo ni mzigo tu. Mtoto apate la ukubwa wake, maana lililo kubwa humtoka kichwani akiingia majini.

4. Usimfunge mtoto mgongoni ndani ya mtumbwi. Mpakate mbele, bila fundo, naye awe na jaketi linalomtosha. Kama hakuna linalomtosha, abaki nchi kavu.

5. Punguza mavazi yanayofunga miguu. Sare zetu za vitenge ni nzuri kanisani, lakini zikilowa huwa nzito na kuikaza miguu. Vua viatu vizito.

6. Keti chini, katikati, na usisimame. Hata chombo kinapofika, ngoja kifungwe kwanza. Watu wakikimbilia upande mmoja, chombo hupinduka hata pale penye gati.

7. Muwe na kopo la kutolea maji na dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko barabara. Dumu hilo humwelea mtu mzima anayelishikilia.

8. Mwambie mtu wa nchi kavu mko wangapi na mtarudi saa ngapi.

9. Mpe nahodha heshima yake anaposema "twendeni". Vijana wale walitwambia mara mbili. Kosa la kuchelewa lilikuwa letu, si lao.

Kwa vyombo vinavyobeba abiria kwa nauli, hapa Tanzania ukaguzi ni kazi ya Shirika la Uwakala wa Meli, TASAC, lililoanza kazi mwaka 2018. Lakini mkaguzi hawezi kusimama kwenye kila mwalo na kila diko. Mkaguzi wa kwanza ni mama mwenye mtoto mkononi.

MTU AKIZAMA

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na kama robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Umoja wa Mataifa umeitenga tarehe 25 Julai kila mwaka kuwa siku ya kukumbusha watu juu ya hatari hii. Basi, kila mama ajue mambo haya machache.

Ukiona mtu anazama, usimrukie kama hukufundishwa. Anayezama hushika chochote na kukizamisha. Piga kelele za kuomba msaada, mrushie kamba au dumu tupu, au mnyoshee kasia au mti.

Akitolewa, usimning'inize kichwa chini, wala usimkandamize tumbo ili atoe maji. Tumeona haya yakifanywa kwa upendo, lakini hupoteza dakika za thamani, na matapishi huweza kuingia mapafuni. Mlaze chali mahali pagumu, inua kidevu, tazama kama anapumua. Kama hapumui, ziba pua yake, funika mdomo wake kwa mdomo wako, umpulizie pumzi 5, ukitazama kifua kinainuka. Mtoto mchanga mfunike mdomo na pua kwa pamoja, umpulizie taratibu. Kisha bonyeza katikati ya kifua mara 30, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, halafu pumzi 2, tena 30, na kuendelea hivyo mpaka apumue au msaada ufike. Kwa mtu mzima bonyeza kwa mikono miwili, kwa mtoto mkono mmoja hutosha, kwa mchanga vidole gumba viwili.

Akianza kupumua mlaze ubavu, mvue nguo mbichi, mfunike kwa khanga kavu. Na hata akisema amepona, mpeleke hospitali. Maji yaliyoingia mapafuni huweza kumletea shida saa kadhaa baadaye.

SIKU TULIYOSEMA HAPANA

Mwaka uliofuata tulikwenda wilayani Songwe, upande wa Ziwa Rukwa, kwa huduma ya kujitolea. Tulikuwa tukiwapelekea akina mama wa kambi ya wavuvi vyandarua, na kupima watoto uzito. Tulikuwa saba. Mtumbwi ulikuwapo, mwenyewe alikuwapo, majaketi yalikuwa manne. Mwenye mtumbwi akasema, "Pandeni tu, mama zangu, ni karibu."

Palikuwa na ukimya, ule ule tuliouzoea. Tulitazamana. Vifurushi vilikuwa vimekwisha pakiwa, na ng'ambo watu walikuwa wanatungoja.

Ndipo yule mama, ambaye kule Pangani alikuwa akituuliza amshike wapi mtoto wake, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hatupandi. Wanakwenda watatu na wewe, halafu urudi utuchukue."

Mwenye mtumbwi alinung'unika, akasema tunampotezea muda. Tulimwongezea nauli kidogo. Ilituchukua asubuhi yote kuvuka kwa zamu tatu. Tuliwakuta akina mama wa kambini wamechoka kungoja, tukawaomba radhi na kuwaeleza sababu. Mama mmoja wa pale alitutazama akasema, "Kumbe mtu anaweza kukataa?" Alisema yeye amevuka miaka kumi na mmoja bila kulifikiri jambo hilo, ingawa amezika ndugu wawili waliokufa maji.

Swali hilo ndilo lililotufanya tuandike. Ndiyo, mama mwenzetu, mtu anaweza kukataa. Kukataa si kukosa imani, wala si kumdharau mwenye chombo. Bwana wetu alipoambiwa ajitupe kutoka juu ya hekalu ili malaika wamdake, alikataa. Tuombe kabla ya safari, tena tuombe sana. Lakini tufumbue macho baada ya amina, tuhesabu.

Yule mtoto wa kitenge sasa anasoma shule ya msingi. Anapenda kuchora, na kila mara akichora mtumbwi huwavika watu wote majaketi, hata mbuzi. Mama yake hucheka. Nasi tunacheka, kisha tunanyamaza kidogo.

Mpaka mwezi ujao, tunakutakia afya njema wewe na nyumba yako yote. Safari ikikupeleka majini, Mungu akutangulie, nawe umtafute bibi wa dikoni umwulize saa.